Lego halisi, ndoo ya Kichina, mtumba au za mbao: nipande na zipi Marangu?

Mama Sakina
Habari zenu wadau. Kama kawaida, tarehe 23 Desemba tunafunga mlango hapa Arusha tunapanda Marangu, Kilimanjaro, kwa babu, kushuka ni mpaka shule zikaribie kufunguliwa. Mwaka jana tulikuwa na wajukuu kumi na mmoja kwenye kihamba kimoja (shamba la ukoo lenye nyumba), na televisheni ya babu ni ya taarifa ya habari tu. Siku ya tatu wakaanza kugombania simu zetu. Safari hii nataka nibebe vitofali vya kupachika.

Wangu ni watatu: miaka 2, 6 na 11. Binamu zao wako humohumo katikati. Nimezunguka madukani nikarudi kichwa kinauma. Lego halisi ni kiboksi kidogo, na bei yake nikiongezea kidogo napata mguu wa mbuzi. Kwa pesa hiyohiyo napewa ndoo nzima ya zile za Kichina zisizo na jina. Shoga yangu ananiambia nikachambue mtumba Moshi mjini. Mume wangu anasema seremala wa kijijini akate za mbao, yaishe. Nani kati yao ana akili?

Kaka wa Rombo
Wajukuu kumi na mmoja kwa boksi moja lenye gari moja la polisi? Hapo hujanunua mchezo, umenunua kesi.

Njiro Mjenzi
Dada, mimi nina miaka 38 na bado najenga, kwa hiyo nisikilize kwa tahadhari.

Unacholipia kwenye Lego ni kushika. Juu kuna vichwa vya mviringo, chini kuna mirija, na ile mirija ndiyo iliyombadilishia mambo Mdenmaki mwenye Lego. Kabla ya hapo vitofali vyao vilikuwa vitupu kwa chini, ukijenga mnara ukipiga chafya unaanguka. Hataza ya muundo huu, yaani haki ya mvumbuzi ya kutoigwa, iliombwa tarehe 28 Januari 1958, na tofali la mwaka huo linaingia kwenye la leo bila ubishi. Ndiyo maana watu hawazitupi.

Hataza yenyewe iliisha muda zamani, kwa hiyo si kila "za Kichina" ni feki. Wako wanaotengeneza vitofali vinavyoingiliana na Lego kihalali kabisa, kwa jina lao wenyewe, na vingine ni vizuri. Feki ni yule anayeiba jina na boksi. Ndoo isiyo na jina lolote ni bahati nasibu.

Mwombe muuzaji afungue. Pachika vitofali vinne vyenye vichwa vinane, shika cha juu, tikisa. Kisha mpe mtoto avibandue. Vikianguka, acha. Mtoto akianza kutumia meno, acha pia.

Mama Sakina
Muuzaji wa hapa kwetu atakubali kufungua ndoo kweli?

Kiboriloni Kwetu
Asipokubali umeshapata jibu.

Mimi nilinunua ndoo ya hivyo mwaka juzi. Nusu vinabana kama kufuli, nusu vinalegea, na rangi nyekundu ilikuwa na harufu ya mafuta ya taa wiki nzima. Ila nisiwe mnafiki: wanangu walizichezea mpaka Pasaka. Walijenga nyumba fupifupi. Ukitaka ghorofa ndipo utalia.

Sasa nitetee mtumba, maana ndio wenye thamani. Midoli inakuja imechanganywa, mkono wa mwanasesere, gurudumu, kijiko, vitofali humo humo. Usichague kwa rangi. Geuza kitofali kwenye mwanga: Lego halisi ina jina lake limechongwa juu ya kila kichwa, herufi ndogo sana. Nilishatoka na mfuko wa rambo umejaa kwa elfu kumi na mbili, robo tatu yake halisi. Kijitabu cha maelekezo hutapata, na picha ya kwenye boksi usahau. Ila ukiwa na namba ya seti, maelekezo yake yanapatikana bure kwenye tovuti ya Lego.

Kuosha: maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni ya maji. Usichemshe, vitapinda. Viweke kwenye neti ya vitunguu, tundika kivulini. Jua linafifisha rangi, na nyeupe inakuwa kama meno ya mvuta tumbaku.

Mwalimu wa Awali
Mbona mnajenga tu na mwenye miaka 2 hamjamtaja? Vitofali vidogo si vya chini ya miaka mitatu, viwe halisi au vya ndoo. Chukua lile bomba la katikati la toilet pepa. Kitu kikipita humo, kinaweza kumkaba kooni.

Huyo mnunulie Duplo, zile Lego kubwa za watoto wadogo, hata kumi tu. Zilitoka mwaka 1969, na kipimo chake ni mara mbili ya Lego ya kawaida kwa urefu, upana na kimo. Uzuri ni kwamba Lego ndogo inapachikwa juu ya Duplo, kwa hiyo akikua hutupi, wakubwa wanazifanya msingi wa ukuta. Na wakubwa wajengee mezani, yeye chini. Si kinyume chake.

Halafu mtakuja kunikumbuka umeme ukikatika usiku na mtu anatafuta choo peku.

Kaka wa Rombo
Mwalimu umenikumbusha maumivu. Mwiba wa mchongoma una huruma kuliko hicho kitu.

Fundi Msasa
Shikamooni wakubwa. Naona mbao imetajwa mara moja ikaachwa.

Mimi nakata za mgrevilea, mabaki ya mbao za dari, yaani mbao ni karibu bure, unalipia mkono. Siri iko kwenye vipimo. Upana uwe mara mbili ya unene, urefu uwe mara mbili ya upana. Ukishika hapo, viwili vikilala ubavu kwa ubavu vinalingana na urefu wa kimoja na mtoto anajenga daraja bila kuambiwa. Fundi akikata kwa kukadiria macho, umepata kuni. Piga msasa kona zote, usipake vanishi kama kuna anayetafuna.

Havishikani, kweli. Lakini hakipotei kwenye majani, na mwenye miaka 2 na mwenye 11 wanacheza pamoja.

Njiro Mjenzi
Fundi, kwa heshima, mwenye 11 atacheza na mbao dakika kumi. Umri ule unataka gari lenye milango inayofunguka. Vitofali viwili tu vya Lego vyenye vichwa vinane, vya rangi moja, vinaungana kwa namna 24. Vikiwa sita, namna ni 915,103,765. Mbao inakupa nini hapo?

Fundi Msasa
Inanipa mtoto ambaye haulizi kipande namba saba kiko wapi.

Mama Sakina
Mnapigana kwenye uzi wangu! Nilichoamua: Duplo chache kwa mdogo, mfuko wa mtumba kama alivyoshauri Kiboriloni Kwetu, na fundi wa Marangu atakata mbao arobaini kwa vipimo hivyo. Ndoo nimeiacha, muuzaji alikataa kufungua. Boksi jipya la Lego moja tu, la kufungua siku ya Krismasi, na nimemwambia mkubwa ni la wote. Ameninunia.

Mama Sakina
Mrejesho, tarehe 27, mtandao huku ni wa kuutafuta juu ya mgomba. Boksi lilijengwa kwa saa mbili likabomolewa mchana uleule, vipande vimemezwa na mtumba. Wakubwa wanajenga basi la Dar lenye buti, limeshabomolewa mara tatu kwa sababu ya ugomvi wa nani dereva. Mbao zimetekwa na babu. Amejenga zizi sebuleni, hataki liguswe, na Duplo za mdogo ndizo ng'ombe.

Tatizo dogo. Bibi amekuta kitofali chekundu kwenye sinia la ndizi za machalari. Amekifunga kwenye pindo la kanga, anasema hakitoki mpaka kuni ziletwe.