Naomba ushauri: nibadilishe prosesa tu au nihamie AM5 (soketi mpya ya prosesa za AMD)?
Wakuu, habari zenu. Kompyuta yangu ya mezani ni ya kuhariria video: prosesa ya Ryzen 5 2600, mazabodi (bodi kuu) ya B450, RAM ya DDR4 GB 16. Siku hizi nikianza kutoa (export) video, feni inavuma hadi inasikika chumba cha pili.

B450 ikisasishwa BIOS (programu ya msingi ya mazabodi) inapokea prosesa ya Ryzen 7 5700X, yenye kore 8 badala ya 6, na TDP (kipimo cha joto la kupozwa) ni ileile wati 65. Kuhamia AM5 kunadai mazabodi mpya na RAM ya DDR5, na mfuko hauruhusu vyote kwa mpigo. Moyo unanituma nibaki AM4, soketi ya mazabodi yangu ya sasa.

Ninachohofia ni umeme kukatika katikati ya kusasisha BIOS. Mliowahi kufanya, mlijilindaje? Na kwa kuwa 5700X inauzwa bila feni, hii ndogo ya 2600 itatosha kwa kazi ya saa nzima?