Renaud de Châtillon alikuwa bin nani hasa?

MwanaKibokoni: Salaam aleikum jamaa. Jana barazani hapa Kibokoni, kahawa ikizunguka, mzee alisimulia vita vya Hittin vya 1187, Salahuddin alivyompiga upanga kwa mkono wake Renaud de Châtillon, mmoja wa wakuu wa Wanamsalaba. Nikauliza, huyu Mfaransa bin nani? Baraza kimya. Nimepekua: huku babake ni Geoffroy wa Gien, kule Hervé wa Donzy. Nishike lipi?

BintiFrere: Donzy. Gien ni dhana ya zamani. 1989 mwanahistoria Jean Richard alionyesha undugu wake na mabwana wa Donzy. Na Châtillon yenyewe ni ile ya mto Loire, si ile ya mto Marne. Wengi huteleza hapo. Enzi hizo jina mara nyingi lilifuata ardhi, hivyo ndugu wawili waliweza kuwa na majina mawili.

MwanaKibokoni: Kumbe! Kama huku mtu kuitwa wa Pate naye kazaliwa Makadara.

Kombo_wa_Likoni: Cheti cha kuzaliwa hukipati, ndugu yangu. Soma hati za monasteri, watu walipotoa ardhi, kisha tazama mashahidi: "fulani na nduguye fulani." Nasaba ya babu yangu niliipata vivyo hivyo, kwenye karatasi ya mnazi mmoja uliogombaniwa.

MwanaKibokoni: Mnazi mmoja! Haya, leo baada ya magharibi nawapelekea jibu. Kahawa ni juu ya mzee.