Programu ikae macho ikitega mtandao, au tumwachie mhudumu?

Kodi_Nyalenda: Wanajamvi, tusaidiane. Hapa Kisumu tunaunda programu ya simu ya wahudumu wa afya ya jamii, wale wa kupita nyumba kwa nyumba, na wetu wako upande wa Nyando. Mhudumu anajaza fomu ya mtoto ndani ya nyumba, mtandao hakuna. Akitoka hadi barabarani unaingia dakika mbili, kisha unapotea. Nusu ya timu inataka huduma ya nyuma, ile sehemu ya programu inayofanya kazi bila kuonekana, ikae macho saa zote, mtandao ukigusa tu fomu ziondoke. Nusu nyingine inasema huko ni kumla mhudumu betri na bando bila ruhusa, awekewe kitufe cha Tuma abonyeze mwenyewe. Mwasemaje?

Fundi_Section58: Niko Nakuru na kazi hii nimeifanya miaka. Sahau ile njia ya zamani ya programu kulala ikingoja tangazo la mfumo kila mtandao unapobadilika. Kwa programu zinazolenga Android 7 na kuendelea, mlango huo ulifungwa 2016. Android 8 mwaka uliofuata ikabana huduma za nyuma zenyewe: ukitoka kwenye programu, dakika chache huduma inazimwa. Anayetaka kukaa macho lazima aweke arifa mtumiaji aione. Mkabidhi kazi WorkManager, chombo cha Android cha kupanga kazi za nyuma, sharti mtandao uwepo, mfumo utakuamsha. Tatizo lenyewe ni lingine: akina mama wa mashambani wanazima data kutwa nzima, na hakuna msimbo wa programu unaotibu hilo. Wafunzwe simu kwanza.

MamaTrez_Ahero: Huyo mama wa mashambani ni mimi, basi niambie mimi. Nazima data kwa sababu bando nanunua na pesa yangu, na simu naichaji kwa jirani mwenye sola. Naiwasha jioni nikiwa na la kutuma, nazima. Simu naijua, ndugu yangu.

Jaduong_Kondele: Fundi, umekosa heshima. Nyinyi wa Nakuru mna stima na mtandao, halafu mnapima watu wa Kano, huku kwetu Kisumu, kwa rula yenu.

Fundi_Section58: Usinifundishe umaskini. Nimekulia Salgaa, stima tuliiona nikiwa kidato cha pili. Nimesema data ikizimwa hakuna programu duniani itakayotuma kitu. Hilo ni tusi?

Jaduong_Kondele: Tusi ni "wafunzwe".

Mwalimu_Lurambi: Mnapigana juu ya nani anazima data, hakuna anayeuliza nani anailipia. Posho ya mhudumu ilitangazwa kuwa 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti, na tunajua jinsi nusu moja huchelewa. Simu walipewa 2023. Mtu akikupa jembe akakuambia mpini ujinunulie, amekupa jembe kweli?

Bodaboda_Data: Lakini hiyo ya kufungwa tangazo si ilikuwa Android 9?

Fundi_Section58: 7. Ya 8 ni huduma za nyuma. Ya 6, mwaka 2015, ni simu kusinzia ikiwa imetulia skrini imezimwa, na mtandao kuruhusiwa kwa vipindi tu. Tangu 7 inasinzia kidogo hata ikitembea mfukoni.

MamaTrez_Ahero: Mwalimu, asante. Lakini mimi bando si uchungu wangu mkubwa. Msimu wa mvua nilimwandikia mtoto rufaa, homa ya siku tatu, kwenye programu tuliyokuwa nayo wakati huo. Nilisimama juu ya tuta la mfereji wa mpunga nimeinua simu, alama ya kijani ikatokea: Imetumwa. Nikamwambia mama yake aende, wanamsubiri. Alifika kituoni, muuguzi hana habari. Mama akaambiwa apange foleni kama wengine, akakaa hapo hadi saa tisa na mtoto mgongoni. Rufaa yangu ilifika kesho yake. Mama huyo ni jirani yangu, nakutana naye kisimani. Aliniuliza, "Ulinidanganya?"

Kodi_Nyalenda: Pole sana, mama.

Mwalimu_Lurambi: Hapo naona kosa. Yaelekea aliyeandika aliweka kijani pale simu ilipoambiwa mtandao upo. Mtandao kuwepo si intaneti kupita. Android yenyewe hutofautisha: kwanza inakwambia kuna mtandao, kisha inaupima na kuutia alama kwamba umethibitishwa. Hata huo uliothibitishwa unaweza kukatika fomu ikiwa njiani. Kijani kije seva, ile kompyuta inayopokea fomu, ikijibu "nimepokea", si kabla.

Fundi_Section58: Mama Trez, hilo la rufaa limeniuma, na neno la kuwafunza nalifuta. Tena tabia yako ndiyo inayofaa WorkManager. Ukiwasha data mkononi, skrini iko wazi, simu haijasinzia, kwa hiyo kazi iliyongoja inaondoka upesi. Huduma ya kukaa macho kutwa ingekumaliza betri ikitega mtandao ambao umeuzima mwenyewe.

Jaduong_Kondele: Kwa hiyo sasa alikuwa sahihi.

Fundi_Section58: Kwa hilo, ndiyo. Lakini Kodi asiache kitufe cha Tuma. Simu nyingine za bei nafuu zinaua kazi za nyuma bila kufuata utaratibu, na kitufe ndicho kinga yako.

Bodaboda_Data: Basi atakuwa na vyote viwili, na swali la kwanza lilikuwa achague.

Kodi_Nyalenda: Nimeacha kuchagua. Kazi inakabidhiwa mfumo, kitufe kinabaki, na ile kijani naing'oa leo usiku. Fomu itaandikwa "Bado iko kwenye simu yako" hadi seva ijibu, na rufaa itapita mbele ya fomu nyingine zote. Mama Trez, ikibaki dakika kumi, ikutolee namba ya kituo upige?

MamaTrez_Ahero: Dakika tano. Mtoto ana homa.

Kodi_Nyalenda: Tano.

MamaTrez_Ahero: Na bando, na salio la kupiga?

Kodi_Nyalenda: Hilo sina uwezo nalo, mama. Jumatatu nakutana na waliotupa kazi, nitaliweka mbele ya kila kitu.

Mwalimu_Lurambi: Urudi hapa Jumatatu jioni utuambie walivyojibu.