Wakala, viza ya Maldivi ni bure, keki ya anivesari nayo ni bure. Sasa mnatutoza nini?

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu unawahusu mawakala wanaojaza Instagramu picha za vibanda vya juu ya maji na kuandika "Anivesari Maldivi, siku 5 usiku 4, kuanzia dola 750, bei kamili njoo inboksi". Unawahusu pia wanandoa walioshika simu tayari kutuma advansi. Hiyo safari ya dola 750 haipo. Tuifungue kipande kwa kipande, ili anayelipa alipe akijua.

Kwanza, 750 ni ya kichwa kimoja. Chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi, wameandika "kwa mtu, chumba cha watu wawili". Jamani, hii ni anivesari. Nani anakwenda kusherehekea ndoa peke yake? Bei ya wanandoa ni 1,500, na hapo bado hatujagusa chochote.

Pili, plasi plasi. Bei za vyumba na chakula Maldivi mara nyingi huandikwa na alama mbili mwishoni, ++. Plasi ya kwanza ni huduma, 10%. Ya pili ni kodi ya mauzo ya utalii, TGST, ambayo tangu 1 Julai 2025 ni 17%. Wakala akikuambia "ongeza 27 hivi", hajui kazi yake au anakuona mjinga. Ile 17 inapigwa baada ya 10 kuingia, kwa hiyo nyongeza halisi ni 28.7%. Halafu kuna kodi ya kijani, dola 12 kwa kila mtu kwa kila usiku mkiwa risoti (mpaka mwisho wa 2024 ilikuwa 6). Hii mara nyingi mnakutana nayo siku ya kuondoka, kwenye bili, mkiwa mmeshabeba mabegi.

Chukueni chumba cha dola 300++ kwenye risoti inayofikiwa kwa ndege ya majini, tuseme dola 500 kwa mtu kwenda na kurudi:

Chumba 300 x usiku 4 = 1,200
Huduma 10% = 120
TGST 17% ya 1,320 = 224.40
Kodi ya kijani 12 x 2 x 4 = 96
Ndege ya majini 500 x 2 = 1,000
Jumla = 2,640.40

Tangazo la chumba kama hicho lingewaonyesha 1,200 tu. Na hapo hamjakata tiketi ya kutoka Dar, wala hamjala mchana. Risoti nyingi ni kisiwa kimoja, hoteli moja. Hakuna kona ya kuchomokea ukapate chipsi mayai. Mkichukua hafu bodi (asubuhi na usiku), mchana mnakula kwa bei yao, na vinywaji havimo. Kuna sehemu hata maji ya mezani yanaingia kwenye bili. Sahani ya dola 70++ ni dola 90 na senti 9. Kwa hiyo ful bodi (milo yote mitatu) inayoonekana ghali kwenye karatasi inaweza kuwa nafuu. Pigeni hesabu kabla, si mkiwa mezani.

Sasa hii ndege ya majini, maana hapa ndipo watu wanapopigwa vibaya zaidi. Haipai usiku. Kwa kawaida mnatakiwa muwe mmeshatua Velana, uwanja wa ndege wa kimataifa wa Malé, mji mkuu, kufikia saa tisa na nusu alasiri ili muunganishwe siku hiyo hiyo. Wakala anakukatia tiketi ya bei poa inayofika saa tatu usiku, kisha anakuuzia usiku nne za risoti kuanzia tarehe ileile. Matokeo yake mnalala Hulhumalé, mji ulio jirani na uwanja, kwa hela yenu, huku chumba cha risoti cha usiku huohuo mmeshakilipia na kiko kitupu. Kurudi ni vilevile: ndege yenu ya kimataifa ikiondoka asubuhi mapema, mnatoka kisiwani jana yake. Kwenye usiku nne mmepata mbili. Huyo wakala angefungua ratiba dakika tano tu angeliona hilo.

Na mizigo. Mashirika mengi yanayotoka Dar yanaruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kwa mtu. Ndege ya majini ni kilo 20 za begi kubwa na 5 za mkononi, ziada inalipiwa kwa kilo. Begi lenyewe linaweza kuja na ndege ya baadaye, kwa hiyo nguo ya kuogelea na dawa ziwe mkononi. Muda kamili wa kuruka nao mnaambiwa jioni ya jana yake, kwa hiyo msiulize "saa ngapi kamili" wiki mbili kabla. Hilo si kosa la wakala.

Kama hamtaki hizo purukushani, tafuteni risoti ya atoli (kundi la visiwa) ya Malé Kaskazini au Kusini. Nyingi za huko zinafikiwa kwa boti ya kasi, ndani ya saa moja, na boti inatembea hata usiku. Kwa mbali zaidi kuna ndege za ndani za kawaida halafu boti, nazo zinaruka giza likishaingia. Wakala mzuri anaanza kuuliza "mnatua saa ngapi?" ndipo anataja kisiwa. Hawa wetu wanaanza na picha.

Tukija kwenye vitu vya bure mnavyouziwa.

Viza. Maldivi inatoa siku 30 bila malipo unapofika, kwa raia wa karibu nchi zote, Watanzania tukiwemo. Sharti ni pasipoti, tiketi ya kurudi, malazi yaliyothibitishwa na uwezo wa kujigharamia. "Viza prosesing dola 60" ni wizi, sitatafuta neno la adabu. Kuna fomu ya uhamiaji inayoitwa IMUGA, inajazwa mtandaoni ndani ya saa 96 kabla ya safari, wakati wa kwenda na wakati wa kutoka. Nayo ni bure. Anwani ya kweli inaishia na gov.mv. Ukifika ukurasa unaoomba namba ya kadi ya benki, umepotea, toka.

Kodi ya kuondoka. Daraja la kawaida ni dola 50 ya kodi na dola 50 ya maendeleo ya uwanja kwa kila mgeni, tangu 1 Desemba 2024. Tayari zimo ndani ya tiketi. Wakala anayewaongezea "eapoti taksi" (kodi ya uwanja) pembeni anawatoza mara mbili.

Keki, maua kitandani, chupa ya mvinyo, pengine chakula cha mishumaa. Risoti nyingi zinatoa hivi bila malipo kwa wanandoa, kwa masharti yao: mlale idadi fulani ya usiku, mseme wakati wa kubuku, mlete nakala ya cheti cha ndoa. Kila hoteli ina kanuni yake ya tarehe, nyingine zinataka safari iwe ndani ya mwezi wa ndoa yenu, nyingine zinahesabu miaka maalumu tu kama 5, 10, 25. Wakala anachukua hiyo zawadi, anaipa jina "Pakeji ya Mahaba", anaweka dola 200. Ombeni risoti iwaandikie yenyewe nini ni bure. Na kama cheti kimeandikwa Kiswahili tupu, beba na tafsiri.

Hapo hapo: msinunue shampeni ya diuti frii Dubai mkidhani mmejipanga. Pombe haiingii Maldivi. Forodha wanaichukua, wanawapa risiti, mnaikuta mkiondoka. Nyama ya nguruwe nayo haiingii, na vepu (sigara za umeme) zimepigwa marufuku kuingizwa tangu Novemba 2024.

Picha. Ukiona kibanda cha juu ya maji na jina la kisiwa ni Maafushi, ujue umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Maafushi ni kisiwa cha wenyeji, kina gesti na hoteli za ghorofa mtaani. Ni pazuri na bei inaeleweka, lakini si pale pichani. Hata kwenye risoti yenyewe bei ya "kuanzia" huwa ni ya chumba cha bustani au cha ufukweni. Andikisheni jina la aina ya chumba neno kwa neno kama lilivyo kwenye tovuti ya risoti. Mkitaka maji bila kufilisika, gawanyeni: usiku mbili ufukweni, mbili za mwisho juu ya maji, risoti ileile. Mawakala wengi hawawaambii hili kwa sababu kamisheni inapungua.

Majira. Watu wa pwani mtanielewa haraka. Upepo ni uleule wetu. Kaskazi wao wanaita iruvai, ndiyo miezi mikavu, Januari mpaka Aprili bahari ni kioo. Kusi wao ni hulhangu, kuanzia Mei mpaka Oktoba hivi kuna mvua na mawimbi, na ndiyo maana ile bei ya "kuanzia" iko mwezi wa sita. Si kwamba miezi hiyo haifai. Ghuba ya Hanifaru kwenye atoli ya Baa inajaa samaki taa wakubwa aina ya manta kati ya Juni na Novemba, mnaogelea nao kwa miwani na mrija tu, mitungi hairuhusiwi. Ila mwambieni mteja kuna mvua. Aamue mwenyewe.

Waliofunga ndoa Desemba, na hapa kwetu ni wengi, wana balaa lao: chakula cha lazima cha tarehe 24 na 31. Risoti nyingi zinakitoza kwa kichwa, mle msile. Kwenye tangazo hakionekani.

Tiketi. Kifungu cha herufi na tarakimu sita siyo tiketi, ni nafasi imeshikwa. Tiketi ina namba ya tarakimu 13. Za Emirates zinaanza na 176, za Qatar Airways 157. Ingia tovuti ya shirika, weka hizo sita na jina la ukoo. Kama hakuna tarakimu 13, hela yenu haijafika. Angalieni pia kama ni tiketi moja ya Dar mpaka Malé au vipande viwili vilivyoungwa ili ionekane rahisi. Vipande viwili maana yake mizigo inashukia mnapobadilisha ndege, tuseme Dubai, mtoke nje mkaichukue, na kutoka nje Mtanzania anahitaji viza. Watu wanakwama hapo na ndege ya pili inawaacha. Halafu majina: mama kama pasipoti yake ina jina la kwao, tiketi isiandikwe jina la mume kwa sababu tu wakala anaona ni mahaba. Pasipoti iwe na miezi 6 mbele, na kadi ya homa ya manjano wekeni pamoja nayo. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Ukishachoma mara moja, kadi ni ya maisha.

Kabla ya kutuma hata senti, dai ankara yenye jina la risoti, aina ya chumba, mpango wa chakula, usafiri wa kisiwani kwenda na kurudi, maneno "kodi zote zimo", tarehe ya mwisho ya kughairi, na risiti ya EFD ukilipa. Ukipewa vocha, usiifurahie. Kuna mchezo wa kubuku kwa masharti ya kughairi bure, kuprinti, kukupa, halafu kughairi ukishalipa. Chukua barua pepe kwenye tovuti ya risoti yenyewe, si kwenye vocha, uulize mambo matatu: jina letu lipo, kiasi gani kimelipwa, kiasi gani tutalipa tukifika. Rudia wiki moja kabla ya safari.

NYONGEZA: Wanaouliza visiwa vya wenyeji. Gesti zenye vyumba 50 kushuka chini kodi ya kijani ni dola 6 badala ya 12, boti ya kasi kutoka Malé mpaka Maafushi haifiki hata saa, na chakula unakipata mtaani kwa bei ya mtaani. Pombe hakuna, na nguo za kuogelea ni kwenye ufukwe uliotengwa tu. Thoddoo wanalima matikiti maji na mapapai, kama mnapenda utulivu kuliko boti za watalii. Usiku tatu za wenyeji na moja ya risoti ni mpango wenye akili.

NYONGEZA 2: Aliyesema saa zilimchanganya, Malé iko mbele yetu kwa saa mbili, lakini baadhi ya risoti zina "saa ya kisiwa" iliyosogezwa mbele saa moja zaidi. Muda wa kuchukuliwa kurudi uwanjani uulizeni ni wa saa ipi.

NYONGEZA 3: Kuna wakala kaja hapa chini kulia kwamba tunamuharibia riziki, "faida nitoe wapi?". Mkuu, andika mstari unaoitwa "ada ya wakala" na uweke namba. Hakuna atakayekataa kulipia kazi. Tunachokataa ni kuipata hiyo ada imejificha kwenye viza ya bure na kwenye dola unayotupigia kwa rate yako ya mfukoni. Weka hapa ankara moja ya wanandoa, usiku 4, kila senti kwenye mstari wake. Uzi uko wazi, tunasubiri.