Nipo Kigoma, nina diploma ya IT, nataka kazi ya netiweki na seva. Nianzie wapi na hela kidogo?

mwisho_wa_reli:
Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Mie ni kijana nipo Mwanga hapa Kigoma, nimemaliza diploma ya TEHAMA na kwa sasa namsaidia kaka yangu kwenye steshenari yake, tunatoa kopi, tunaprinti, tunawaombea watu vyuo na mikopo mtandaoni, na mtu akileta kompyuta imejaa virusi napiga windozi. Sasa kupiga windozi nimechoka wakuu, nataka niwe yule jamaa anayeshikilia seva na netiweki ya ofisi nzima.

Shida ni kwamba chuoni netiweki tulisoma kwa makaratasi, swichi (kile kiboksi cha kuunganishia kompyuta kwa waya) tuliiona imefungiwa kabatini mwalimu anatuonyesha kwa kidole. Layer saba za OSI, zile ngazi za mawasiliano ya netiweki, nakutajia nikiwa usingizini ila ukinipa swichi mkononi saa hii nitaigeuzageuza tu.

Nimejichanga nina milioni moja na kidogo. Nilikuwa nawaza nipande treni niende Dar, kuna chuo cha mtaani kinatangaza CCNA (cheti cha netiweki cha Cisco), MCSA (cheti cha Microsoft) na Linux kwa pamoja miezi mitatu laki nane, nitafikia kwa mjomba Mbagala. Au hiyo hela nilipie mtihani wa CCNA moja kwa moja nijisomee mwenyewe. Au niachane na yote nitafute digrii kwanza. Laptopu yangu ni i5 ya zamani RAM 4GB, bando nanunua la usiku. Naombeni ushauri wenu, matusi pembeni.

nimekaa_pale:
Hiyo milioni nunua injini ya mtumbwi mkuu, dagaa hawaulizi cheti. Natania, ngoja wenye fani waje.

asali_chungu:
Mdogo wangu kwanza hiyo safari ya Mbagala ifute. Chuo kinachokutangazia MCSA mpaka leo ama hakijui au kinajua ila kinakuona wewe ndo hujui, Microsoft waliifuta hiyo kitu Januari 2021, hakuna mtihani wa kwenda kuufanya, utapewa karatasi ina maua pembeni na muhuri wa mwenye chuo basi. Siku hizi Microsoft wana AZ-104 kwa mambo ya Azure (seva zao za kukodi mtandaoni), na mitihani mingine kwa Windows Server, na hata hizo kwa hapo ulipo bado.

CCNA siwezi kuiponda, ni kitu cha maana. Mtihani mmoja tu, 200-301, dakika 120, dola 300 kabla ya kodi, kwa hela yetu ni laki saba na ushee kutegemea dola imeamkaje, na cheti kinaishi miaka 3. Ila ukifeli hamna cha kurudishiwa, unalipa upya. Sasa mtu ambaye hajawahi kugusa swichi akatoe laki saba kwenye milioni yake ya kwanza, hapana. Mtihani unalipia ukiwa umeshaiva, sio ili uive.

Cha kufanya usiku huuhuu bando likiwepo, fungua akaunti Cisco Networking Academy ushushe Packet Tracer, ni bure na RAM ya 4GB inaibeba. Humo swichi na ruta ni zako, chomeka, chomoa, hamna wa kukufungia kabatini. Jenga ofisi ya kubuni, uhasibu VLAN yao (netiweki iliyotengwa ndani ya swichi hiyohiyo), mapokezi VLAN yao, wageni VLAN yao, DHCP (huduma ya kugawa anwani) igawe IP, yaani anwani za mashine, yenyewe, halafu hakikisha wageni hawawezi kuifikia seva ya uhasibu. Ikishafanya kazi mpe mwenzio abadilishe kitu kimoja wewe hupo, afu ukae utafute kaharibu nini. Ukifanya hivyo kila wiki utakuwa umewapita wengi wenye vyeti.

Maana kazi yenyewe ndo hiyo ya kutafuta. Mimi nipo hospitali moja hapa Tabora, simu ikilia hakuna anayekwambia DHCP imekufa, unaambiwa "intaneti hakuna" na wagonjwa wamejaa dirishani. Hiyo intaneti hakuna inaweza kuwa mambo kumi tofauti, unaanzia chini unapanda. Taa ya pale waya ulipochomekwa inawaka? Kama haiwaki shughulika na waya na swichi, usiguse kingine. Inawaka, piga amri ya ipconfig uone anwani ya mashine, ukiona IP inaanza na 169.254 jua hiyo mashine iliomba IP ikakosa wa kuipa ikajipa yenyewe. IP ipo sawa, piga ping getiwei, yaani iulize ruta ya kutokea nje kama ipo. Getiwei inajibu, piga 8.8.8.8, seva ya Google huko nje. Nayo inajibu ila tovuti hazifunguki, hapo shika DNS, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa IP. Dakika tano unajua ugonjwa uko wapi, wakati mwenzio bado anarestati ruta akiomba Mungu.

Kuna ofisi niliwahi kuitwa, kila asubuhi baadhi ya kompyuta zinapata mfumo na nyingine hazipati, na sio zilezile, leo hii kesho ile. Watu wamebadilisha waya, wamepiga windozi upya, wapi. Kumbe kuna mtumishi kaleta ruta yake ya nyumbani apate wifi ya simu, waya kauchomeka tundu la LAN (la mashine za ndani) badala ya WAN (la kuingizia intaneti), ruta ikaanza kugawa IP za 192.168.0 wakati ofisi nzima ipo kwenye IP zinazoanza na 10. Mashine ikiwashwa inaomba IP, anayewahi kujibu ndo anasikilizwa. Swichi nzuri unaweza kuiambia majibu ya DHCP yasitoke kwenye tundu lolote isipokuwa lile uliloliruhusu, inaitwa DHCP snooping, na ipo kwenye CCNA hiyohiyo. Ndo maana nasema soma mtaala wake wote hata kama mtihani utaufanya mwakani.

mama_seva_kasulu:
Naomba niongezee upande wa seva, maana wanaume mkishasikia netiweki mnasahau kuna mtu anatakiwa kuhudumiwa na hiyo netiweki.

Mwanangu kwa RAM 4GB usijaribu Windows Server utalia. Weka VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta za kubuni ndani ya yako), ndani yake weka Debian, Linux ile ya maandishi matupu isiyo na madirisha, ipe 512MB inatembea vizuri, tengeneza mbili. Moja iwe ya DNS na DHCP, nyingine weka Samba, ya kugawana mafaili, uwe na folda za idara, huyu anasoma tu, huyu anaandika, huyu haoni kabisa. Ukikwama usikimbilie kufuta uanze upya, soma logi, yaani kumbukumbu za mfumo. Amri ya journalctl itakwambia huduma imekataa kuwaka kwa sababu gani, mara nyingi ni herufi moja umekosea kwenye faili. Halafu kwenye hiyo milioni toa hela ya RAM, fika hata 8GB, ndo ushushe Windows Server ya majaribio, wanakupa siku 180 bila kulipa, ujifunze Active Directory na Group Policy (kusimamia watumiaji wote na sheria za kompyuta zao sehemu moja), kwa sababu ofisi nyingi za huku watumiaji wako kwenye Windows.

Sasa kuna jambo vyuoni wanalipitia juujuu na huku mikoani ndo litakalokufukuzisha kazi au kukupandisha cheo. Umeme na bakapu. Seva nilizoziona zikifa huku hazikuuawa na wadukuzi, umeme umekatika umerudi kwa kishindo, UPS (kile kifaa cha betri cha kushikilia umeme) betri zake zilikufa zamani hakuna aliyezipima. Jifunze kuseti seva ijizime yenyewe vizuri UPS ikikaribia kuisha. Na bakapu kanuni ni 3-2-1, nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja iwe nje ya jengo. Mtu atakwambia tuna RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi pamoja), RAID sio bakapu, inakusaidia diski moja ikifa, lakini mhasibu akifuta folda limefutika kwenye diski zote sekunde hiyohiyo. Niliwahi kukaa upande wa wanaouliza kwenye intavyuu, swali lililowaangusha wengi halikuwa la kutisha, tuliuliza tu mara ya mwisho umejaribu kurudisha data kutoka kwenye bakapu ni lini. Kimya. Wanahifadhi kila siku hawajawahi kujaribu kurudisha.

Kuhusu kazi za mashirika huku Kasulu na Kibondo, zinataka mtu mmoja wa kila kitu, VSAT (dishi la intaneti ya setilaiti) yeye, sola yeye, redio za VHF za kwenye magari yeye, printa ikikwama yeye. Zinakupa uzoefu mkubwa ila siku hizi bajeti zimepunguzwa na watu wanapunguzwa, usizitegemee peke yake.

karani_wa_zamani:
Mnamshauri vizuri ila kuna kitu hamkisemi. Kama huyu kijana anawaza serikalini, Packet Tracer haina msaada kwenye kuitwa. Angalieni matangazo ya Ajira Portal, Afisa TEHAMA Daraja la II ni digrii, huna digrii mfumo wenyewe unakukatalia kabla hujaonana na binadamu. Nafasi za diploma zipo lakini chache na foleni yake mnaijua. Mimi ningesema digrii aanze nayo, Chuo Kikuu Huria wana kituo hapohapo Kigoma, unasoma huku upo steshenari, huhami. Na chuo chochote mtakachomwambia aangalie kwanza kama kinatambulika, NACTVET kwa diploma kushuka chini na TCU kwa digrii. Hivi vya mtaani vingi havipo popote.

asali_chungu:
Karani hapo nakubali nusu. Kuitwa ni digrii, sawa. Ila ukishaitwa kuna usaili wa kuandika, na mara nyingine wa vitendo, hapo digrii inabaki getini. Nimewaona wenye GPA kubwa wanapewa waya na vichwa vya RJ45 wanatetemeka. Vyote viwili, ila kwa hela yake ya sasa hivi aanze na mikono.

vocha_za_jero:
Mnazungumza Cisco tu, Cisco, Cisco. Huku mtaani hizo swichi anazo nani? Wifi nyingi za vocha hapa Mwanga na Gungu, lodge, shule binafsi, utakuta ruta za MikroTik. Ni kampuni ya Latvia, na uzuri wake mfumo wao RouterOS ni uleule kuanzia kiruta cha bei ndogo mpaka midude mikubwa ya watoa huduma, ukijua kimoja umejua vyote. Kuna toleo la kuweka kwenye VirtualBox linaitwa CHR, la bure linakubana spidi 1Mbps kwa kila tundu lakini kwa kujifunza hiyo ni nyingi. Cheti chao cha kwanza MTCNA, maswali 25 dakika 60, ila lazima ukae darasa la mkufunzi waliyemuidhinisha wao, huwezi kujilipia tu.

Afu mkuu anza kutafuta waya za kufunga. Nunua kirimpa (koleo la kubania vichwa vya waya) na kipima waya, jifunze rangi za T568B mpaka vidole vizijue: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usivute zaidi ya mita 100 halafu ushangae. Nenda shule au zahanati ya jirani mwambie mkuu nakuwekea sawa netiweki yako kwa hela ya soda, ila piga picha kabla na baada, chora ramani ya waya, andika kila swichi ipo wapi na ina IP gani. Hizo karatasi ukienda nazo kwenye intavyuu ni uzoefu tosha. Ila ukifikiria kuuza wifi na wewe, pitia TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kwanza, kuuza intaneti bila leseni ni kesi.

mwisho_wa_reli:
Aiseee asanteni sana wakubwa zangu, na mama wa Kasulu shikamoo. Kwahiyo Dar siendi, mjomba atanisamehe. Nanunua RAM na kirimpa, Packet Tracer nimeshaanza kuishusha hapa imefika nusu. Digrii nitapita pale Huria niulize ada na dirisha linafunguliwa lini. Ila wakuu kuna mdudu mmoja ananitesa toka chuo, sabuneti, ile ya kugawa mtandao vipande vidogo. Nikiona /26 kichwa kinaanza kuuma, kuna njia rahisi?

asali_chungu:
Hamna uchawi. IP ina biti 32. /24 umebakiza 8 za mashine, ndo anwani 256, toa ya kwanza ambayo ni jina la mtandao na ya mwisho ya kutangazia wote, zinabaki 254. Kila ukiongeza namba moja baada ya mkwaju unagawa nusu. /25 ni 128, /26 ni 64 yaani mashine 62. Kwahiyo 192.168.10.0 ukiikata /26 unapata vipande vinne, vinaanzia 0, 64, 128 na 192. Usikariri jedwali, jiulize tu hii IP imeangukia kipande kipi.

Swali lako: kompyuta ina 192.168.10.70/26, getiwei wameandika 192.168.10.1. Inaongea na wenzake wa jirani vizuri ila nje haitoki. Kwa nini?

nimekaa_pale:
Bando limeisha.

mwisho_wa_reli:
70 ipo kwenye kipande cha 64 mpaka 127. Na 1 ipo kipande cha kwanza 0 mpaka 63. Kwahiyo getiwei ipo mtandao mwingine, mashine haiwezi kuifikia. Ilitakiwa iwe ndani ya kipande chake, labda 192.168.10.65?

asali_chungu:
Ndo hiyo, ilimradi ruta kweli ipo kwenye hiyo 65. Haya badilisha zote ziwe /27. 192.168.10.70 na 192.168.10.100 zipo swichi moja, VLAN moja, ruta hakuna. Zinaongea au haziongei? Nimekaa_pale usijibu.