Vigo V6 na sapchaja: geji inaishia 5 badala ya 6, nichonge puli?

Chalii wa Kijenge

Wakuu habari za saa hizi. Nina Hilux Vigo ya petroli, ile injini ya 1GR 4.0 V6, otomatiki. Nimeifunga sapchaja (ile mashine ya belti inayosukumia injini hewa) ya mtumba aina ya roots, imetoka Dubai ilishushwa kwenye FJ Cruiser, haina intakula (kipoza hewa). Aliyeniuzia alisema inatoa busti (presha ya hewa inayosukumwa) psi 6, sasa nikikanyaga mpaka chini geji inapanda 5 inakaa hapohapo haiendi mbele. Fundi wangu wa Unga Ltd hapa Arusha anasema nichonge puli ya juu iwe ndogo ili izunguke haraka, eti nitafika hata 8. Nozeli ni zilezile, pampu ileile, kontroli boksi (kompyuta ya injini) haijaguswa. Lengo ni drag (mbio za mstari ulionyooka) mita 402 pale tutakapopata sehemu ya kufungiwa kihalali, maana nimechoka kuachwa na Mark X, yaani mimi bado tairi zinazunguka bure yeye kashaondoka. Hela ya mwezi huu inatosha kitu kimoja tu, niweke kwenye puli au wapi? Halafu kuna kamlio kama kokoto kwenye kopo nikifika mizunguko 4500 gia ya pili, fundi anasema ni ile ngao ya ekzosi imelegea.

mzee_wa_plagi

Kijana, kuanzia leo acha kukanyaga mpaka chini. Hiyo siyo ngao. Mtu akiniambia mlio wa namna hiyo kwenye gari yenye sapchaja sihitaji hata kuiona, injini inagonga, mafuta yanajilipukia yenyewe pembeni kabla moto wa plagi haujafika kule. Hiyo 1GR kompresheni yake ni 10 kwa 1 toka kiwandani, ilitengenezwa kuvuta hewa yenyewe, wewe umeisukumia hewa tena ya moto (roots bila intakula hewa inatoka imechemka) na mafuta hujaongeza hata tone.

Kuna kitu mafundi wengi wanakiruka. Kwenye hizi gari regyuleta ya mafuta imo ndani ya tanki, haina habari kama huku mbele kuna busti. Nozeli ikifunguka inakuta presha inaisukuma irudi, kwa hiyo inamwaga kidogo kuliko ilivyokuwa inamwaga zamani, na ni saa ileile ambayo injini inataka mafuta mengi. Gari inakuwa kavu huko juu, pistoni inatoboka, unaanza kuzunguka kutafuta injini ya mtumba.

Hela yako nunua waidibendi, ile sensa ya ekzosi yenye geji inayosoma uwiano wa hewa na mafuta. Ukikanyaga ukiwa na busti isome 11.5 mpaka 12. Ukiona 13 ondoa mguu hapohapo usisubiri kumaliza mstari. Plagi weka za baridi hatua moja, gepu ilete 0.8. Baada ya hapo ndo nozeli kubwa, pampu, na mtu wa laptopu wa kuirudisha nyuma taimingi (saa ya plagi kuwaka). Puli ni mwisho kabisa wa foleni. Toyota Australia wenyewe waliuza TRD Hilux (TRD ni kitengo chao cha gari za mbio) mwaka 2008, injini hiyohiyo na sapchaja, wakaishia kilowati 225, karibu farasi 300, na wao walikuwa na mainjinia na maabara. Sisi tuna nini huku zaidi ya msumeno na tupa?

Mtu wa Pasua

Nyongeza kwa mzee. Hiyo 5 yako siyo ugonjwa na aliyekuuzia hajakudanganya. Sapchaja haina psi zake mfukoni, inazidisha hewa inayoikuta. Arusha mjini mko kama mita 1400 juu, hewa ya hapo ni kama psi 12.4 wakati pwani ni 14.7. Inayotoa 6 pwani inazidisha hewa kwa 1.4, sasa piga 12.4 mara 1.4 unapata 17.4, toa 12.4 uliyoanza nayo inabaki 5. Basi. Ingekuwa belti inateleza geji ingepanda halafu ianze kushuka mizunguko ikizidi, na ungekuta vumbi jeusi la raba limetapakaa kwenye puli. Ikikaa palepale bila kutikisika hiyo ni mwinuko tu.

Na hapa ndo puli ya fundi wako inanitisha. Tuseme mmeichonga mkapata 8 hapo Arusha na mtu akaitengenezea ramani (jedwali la mafuta na taimingi ndani ya kontroli boksi) hapohapo, gari inatembea vizuri mnafurahi. Ukishuka nayo Moshi inakuwa 8 na nusu, ukienda nayo Tanga kwa ndugu zako inakaribia 9 na nusu na hujagusa spana. Ramani iliyotengenezwa hapo Arusha haijawahi kuziona hizo namba, kule kwenye jedwali kontroli boksi inakuta makisio tu ya mtu. Yaani gari itakufia ukiwa unateremka, siyo unapanda, na watu watasema petroli ya pwani mbaya.

Sakina Tabo

Uza hiyo kitu nunua Forester ya tabo (inazungushwa na moshi wa ekzosi, siyo belti) mkuu 😂 tabo haina shida na mlima, inajiongezea yenyewe

Mtu wa Pasua

@Sakina Tabo kweli kiasi, vali yake ya kuachia moshi inachelewa kufunguka mpaka busti itimie, ila feni inazunguka kasi zaidi na hewa inakuwa ya moto zaidi, hakuna cha bure. Na hakuuliza Forester.

Dada wa Springi

Nyie wote mko kwenye busti, kijana amesema anaachwa *mwanzoni*. Soma tena swali. Mark X haimshindi kwa nguvu, inamshinda mita 18 za kwanza, na hapo hata umpe psi 20 atazungusha tairi kwa kelele zaidi tu.

Hilux ikiwa tupu nyuma haina uzito, bodi ni hewa. Springi za nyuma ni za majani, zimewekwa kubeba mahindi siyo kutoka kwa kasi. Ukikanyaga ghafla difu inataka kujipindua inyanyue pua juu, majani yanajikunja umbo la S halafu yanajiachia, tairi inaruka, inagusa, inaruka. Ukisikia gari inapigapiga nyuma kwa nguvu wakati wa kutoka ndo hiyo, na yubolti na msalaba wa propela ndo vinaumia kwanza. Dawa yake ni bomba mbili za kuzuia, moja kila upande, kutoka kwenye ekseli karibu na springi kwenda mbele kwenye chesisi, na mwisho mmoja uwe na kiungo kinachocheza, usichomelee pande zote ukaifunga gari kabisa. Hiyo mchomeleaji yeyote mwenye akili anakufanyia.

Tairi kama ni za matope zenye meno, toa. Weka za lami za kawaida, siku ya kukimbia shusha upepo wa nyuma kidogo kidogo ukiangalia alama inayobaki chini, ukimaliza ujaze kabla hujarudi barabarani. Mtu atakwambia weka 4H, yaani tairi zote nne zivute. Kwenye mstari ulionyooka itakutoa vizuri, sibishi, ila lami kavu mbele na nyuma zimefungwa pamoja, ukikata kona ya kurudi bila kuitoa utasikia vyuma vinalia. Na shafti za kuzungusha tairi za mbele uwe na akiba.

Kuhusu kushika breki huku unakanyaga, kwenye otomatiki sekunde mbili tatu zinatosha, ukizidisha unachemsha oili ya giaboksi. Na mifuko ya simenti nyuma HAPANA, mnajua wenyewe ikitokea kufunga breki itaishia wapi.

Chalii wa Kijenge

Nimewasoma wote, asanteni sana. Jana jioni nimefungua plagi, silinda mbili za nyuma kaure imekuwa nyeupe kabisa na ina vijidoa vidogo vya kung'aa. Puli nimemwambia fundi aiache, kanuna. @Dada wa Springi bomba nimeshaongea na mtu wa Themi. Swali langu la mwisho, kuna mwenye waidibendi ya kuazima niisome kwanza kabla sijanunua?

mzee_wa_plagi

Hivyo vijidoa ni alumini ya pistoni kijana. Pima kompresheni silinda zote sita kabla ya kuongeza senti yoyote kwenye hiyo injini. Zikitofautiana sana tuambie hapahapa.

Mtu wa Pasua

Ninayo mimi. Kompresheni ikiwa sawa njoo nayo Moshi Jumamosi, njiani mguu mwepesi geji isivuke sifuri, ukishaiacha Arusha kuja huku hewa inazidi kuwa nzito. Ila uje nati ya sensa imeshachomelewa kwenye bomba la ekzosi kabla ya katalaiza, juu kidogo siyo chini maji yasiikae, mi mashine ya kuchomelea sina na jirani yangu mwenye nayo Jumamosi hafungui.