Betri mpya, lakini gari ikilala siku mbili haiwaki

KwaMikindani
Wakuu, habari za kazi. Gari ni Toyota IST, iko hapa Mtwara mjini, betri ya Ah 45 (ampia-saa, kipimo cha umeme inaoweka) haijafikisha miezi mitatu. Ikitembea kila siku haina tatizo. Ikilala siku mbili, stata inagonga tu "tik tik". Kwa mita, betri inasoma volti 12.6 gari ikishapoa jioni, na 11.7 baada ya siku mbili. Injini ikiwa inanguruma inasoma 14.2. Nimeshauriwa nibadilishe alternata, ile inayochaji betri injini ikiwaka. Nianzie wapi kabla ya kutoa hela?

FundiUmeme_Masasi
Usiguse hela kwanza. Alternata inayotoa kati ya 13.8 na 14.7 inachaji vizuri, na hiyo 14.2 yako ni safi. Betri iliyojaa ni 12.6 na kuendelea, nusu ni kama 12.2, ikifika 11.8 hesabu ni tupu. Yaani yako inamalizika yote ndani ya saa 48. Gawa Ah 45 kwa 48: kuna kitu kinakula karibu ampia 1 gari ikiwa imezimwa, wakati gari zima linatakiwa lisizidi 0.05.

Kwanza hakikisha si betri yenyewe. Ijaze, fungua taminali ya hasi kwa spana namba 10, iache siku mbili. Ikibaki 12.5 au zaidi, betri ni nzima na mwizi yuko kwenye gari. Ikishuka wakati haijaunganishwa na kitu, seli imekufa. Irudishe dukani na gerentii yako.

Kama ni gari, hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A. Ncha moja iguse nguzo ya hasi ya betri, nyingine waya wa hasi uliouchomoa. Milango ifungwe (unaoutumia, sukuma komeo lake kwa bisibisi lijifunge), funguo ziwe mbali, usubiri dakika 30 kompyuta zilale. Hapa wengi hukosea: wanasoma dakika ya kwanza, wanaona namba kubwa, wanaanza kukata nyaya. Na usiwashe gari wala taa kubwa mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi ya mita.

Kisha chomoa fyuzi moja moja, za ndani na za chini ya boneti. Ile itakayoangusha namba ndiyo njia ya mwizi. Usirudishe fyuzi ovyo katikati ya kupima, kwani kuirudisha kunaamsha kompyuta upya.

Pwani_Lindi
Naongezea jambo la huku kwetu. Upepo wa chumvi unakula taminali na waya wa bodi (wa hasi unaofungwa kwenye bodi la gari) haraka sana. Ukiona unga mweupe au wa kijani, fungua hasi kwanza, ndipo chanya. Osha kwa maji ya uvuguvugu yaliyochanganywa magadi soda, sugua kwa brashi ya waya, kausha, kaza, halafu paka grisi juu. Grisi haiwekwi kabla ya kukaza. Kama betri yako ni ya vifuniko, angalia maji pia. Joto la hapa linayapunguza. Ongeza maji yaliyosafishwa kwa mvuke (distilled) tu mpaka bamba zifunikwe, usiongeze asidi.

KwaMikindani
Asanteni sana. Betri ikiwa peke yake ilibaki 12.6. Mita inasoma ampia 0.82, na nikichomoa fyuzi ya DOME (ya taa ya ndani) inashuka hadi 0.03. Taa ya ndani imezima kabisa.

FundiUmeme_Masasi
Umeshampata karibu. Fyuzi hiyo haibebi taa ya ndani pekee. Kwenye Toyota nyingi ndiyo inayopeleka umeme wa kudumu wa redio, na taa ya buti mara nyingi iko humo humo. Taa ya buti ya wati 5 inakula kama 0.4, hivyo peke yake haitoshi, lakini igundue kwa kuweka simu inayorekodi video ndani ya buti na kufunga.

Mimi ningeanza na redio, hasa kama ile ya Japani ilitolewa. Rudisha fyuzi, chomoa soketi ya redio, subiri, usome. Ikishuka, angalia nyaya mbili: wa njano ni wa kudumu, wa kumbukumbu, mwekundu unatakiwa upate umeme ufunguo ukiwa ACC tu (hatua ya kwanza, kabla ya ON). Wafungaji wengi huunganisha zote mbili kwenye umeme wa njano ili redio iwake bila ufunguo, basi hailali kamwe. Tenganisha, mwekundu upeleke ACC, zungushia tepu. Ukipima tena, 0.05 au chini inatosha.

Betri iliyofika 11.7 isikae hivyo; salfeti (chumvi ya risasi) inagandia kwenye bamba na uwezo haurudi wote. Ichaji kwa chaja ya ampia 4 au 5 usiku mzima. Safari fupi ya Shangani hadi sokoni haiwezi kuijaza.